Menyu inayokimbilia pembeni

Wallahi hii menyu ya programu ya simu ninayoiandika itanitoa roho! Kitufe kipo katikati ya skrini, menyu yake inafunguka juu kabisa kushoto. Programu inaiuliza Android kitufe kilipo kabla mpangilio haujapita, yaani kabla Android haijapanga kila kitu kikae wapi; inajibu sifuri kwa sifuri, yaani pembe ya juu kushoto, na programu inaridhika! Picha nayo ikichelewa kushuka (intaneti yetu ya Mwanakwerekwe mnaijua), kila kitu kinasukumwa chini. Nikisimamisha programu nichunguze, picha inapata wasaa wa kushuka, menyu inakaa sawa kama mwari.

Halafu anakuja mtu na ushauri: ati ngoja milisekunde 100 ndipo uulize kitufe kilipo. Miye sitaki! Kwenye skrini inayochorwa upya mara 60 kwa sekunde (kila mchoro ni fremu), hizo ni fremu 6, mtu anaiona menyu ikiruka. Na simu chovu ya huko Wete bado haitatosheka. Mahali pa kitufe papimwe mpangilio ukishapita, kabla ya skrini kuchorwa.