Auguzwe wodini au nyumbani? Ugonjwa wa niuroni mota na hofu ya kukosa pumzi

Swali ambalo familia ya mgonjwa wa niuroni mota huliogopa kuliko yote, na aghalabu haliulizi kwa sauti, ni kama mgonjwa wao atakata roho kwa kukabwa koo. Hofu hiyo ina sababu. Ugonjwa huu, ambao madaktari huuita kwa kifupi MND au ALS, unaua seli za neva zinazoamrisha misuli. Mkono unalegea, mguu unaburuta, ulimi unakuwa mzito, na mtu aliyekuwa akinywa chai yake bila kufikiri sasa anapaliwa na mate. Wengi hufariki ndani ya miaka 2 hadi 4 tangu dalili za kwanza, kwa kuwa misuli ya kupumua nayo huishiwa nguvu. Ukishamwona mzazi wako akipaliwa mpaka machozi yanamtoka, huwezi kuamini kwa urahisi kwamba chumbani kwake ni mahali salama. Ndiyo maana hospitali inaposema "mrudisheni nyumbani", ndugu husikia "hatuna shida naye tena".

Wanaotaka mgonjwa abaki wodini wana hoja nzito na nitaifikia. Ila hofu hii ya kukabwa lazima ishughulikiwe kwanza, kwa sababu ndiyo inayowafanya watu wakodi gari saa tisa za usiku kumkimbiza mgonjwa hospitali.

Mwaka 2001 watafiti wa Ujerumani na Uingereza walichapisha uchunguzi kuhusu siku za mwisho za wagonjwa 121 wa Kijerumani na 50 wa Kiingereza. Kwa Wajerumani, 88% walifariki kwa utulivu. Kwa Waingereza, 98%. Hakukuwa na hata mmoja aliyekufa kwa kukabwa. Zaidi ya nusu, katika kila kundi, walifia nyumbani.

Jambo hili linaelezeka. Misuli ya kifua inapochoka, hewa ya kabonidioksidi hujikusanya mwilini polepole. Mgonjwa huamka na kichwa kinamuuma, mchana anasinzia, usingizi unazidi kuwa mrefu, na mara nyingi kifo humkuta humohumo usingizini. Kupaliwa kunatisha na kunachosha, na kunahitaji dawa, lakini kwa kawaida siko kunakomaliza maisha.

Katika uchunguzi huohuo kuna tofauti nyingine ambayo kwangu ina uzito zaidi ya zote. Waingereza waliopewa mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, walikuwa zaidi ya 80%, Wajerumani chini ya 30%. Habari za nchi hizo mbili hazikukusanywa kwa njia moja, kwa hiyo haitakuwa haki kusema kwamba mofini peke yake ndiyo iliyozaa pengo kati ya 88 na 98. Lakini tofauti hiyo inajibu woga ambao bado nausikia kwa wahudumu wa afya wa kwetu, kwamba mofini humzimia pumzi mgonjwa ambaye pumzi zake tayari ni chache. Dozi ya kuanzia ni ndogo, miligramu 2.5 hivi kwa mdomo, na huongezwa taratibu huku mgonjwa akiangaliwa. Inapunguza ile hisia ya kuzama na hofu kuu inayoandamana nayo. Waliopewa kwa wingi ndio walioondoka kwa amani kwa wingi.

Sasa mfikirie mgonjwa huyo akifikishwa idara ya dharura, ambako zamu ya usiku haijawahi kukutana na ugonjwa wake. Atavalishwa oksijeni, kwa nia njema kabisa. Lakini mapafu yake mara nyingi ni mazima. Yako kama mvukuto wa mhunzi usio na tundu, ila anayeuvuta ndiye aliyeishiwa nguvu. Oksijeni nyingi bila kusaidiwa kuvuta pumzi inaweza kuizidisha ile kabonidioksidi. Kisha atalazwa chali, nao mkao huo unauongezea mzigo msuli wa kiwambo, ulio chini ya mapafu na unaovuta pumzi, ambao umekwisha kudhoofika. Muuguzi aliyefunzwa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya mwenye ugonjwa usiopona, angemkalisha kwa mito, akamwelekezea feni usoni, akampa dawa ya kukausha mate, akamfundisha binti yake kumlisha uji mzito na kumwinamisha kidevu kila anapomeza. Angejua pia kwamba katika ugonjwa huu hisia za ngozi hubaki. Mbu akimuuma anamsikia sawasawa, na hawezi kumfukuza. Mkunjo wa shuka unamuumiza usiku kucha. Mambo haya huonwa na mtu anayemjua mgonjwa, anayeweza kusoma macho yake yakipita juu ya herufi zilizoandikwa kwenye kipande cha boksi.

Upande wa pili una ushahidi wake. Mwaka 2006 watafiti wa Newcastle, Uingereza, walichapisha jaribio la mashine ya kusaidia kupumua kwa barakoa, kwa wagonjwa 41. Wale ambao misuli ya koo yao haikuwa imeharibika sana na wakapewa mashine waliishi, kwa wastani wa kati, siku 205 zaidi ya wenzao wasiopewa. Hicho ni kipindi cha kutosha mjukuu kuzaliwa babu yake akiwa hai, na hakuna dawa ya vidonge ya ugonjwa huu iliyofikia hapo kwa wagonjwa walio wengi. Mtu akirudishwa nyumbani kabla hajapimwa nguvu ya pumzi wala kuambiwa kuhusu mashine hiyo, amenyimwa haki yake.

Mfano wa Stephen Hawking, mwanafizikia wa Uingereza aliyekuwa na ugonjwa huu, nao hutajwa, na kwa haki. Mwaka 1985 alipata homa kali ya mapafu akiwa Geneva, na madaktari wakamuuliza mkewe kama mashine iliyokuwa ikimpumulia izimwe. Alikataa. Hawking akatobolewa koo na akaishi miaka 33 mingine. Ugonjwa wake ulikwenda polepole kuliko wa karibu kila mtu, na hakuna daktari anayeweza kuahidi hivyo. Lakini miaka hiyo hakuimalizia wodini. Aliishi kwake Cambridge, akiwa na wauguzi usiku na mchana, na fedha za kuwalipa zilitoka kwa wafadhili wa Marekani. Alifia nyumbani mwezi Machi 2018.

Hao wauguzi wa kulipwa ndio kiini cha hoja inayonisumbua zaidi. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Torino, Italia, kwa wagonjwa 50 wa maradhi ya neva yasiyopona, wa niuroni mota wakiwemo, ambapo timu ya tiba shufaa iliwafuata nusu yao mara moja na nusu nyingine wakasubiri. Baada ya wiki 16 wagonjwa waliofikiwa walikuwa na nafuu: maumivu, pumzi, usingizi, choo, yote yalikuwa afadhali. Mzigo wa wanaowauguza haukupungua kwa kiwango cha kuonekana. Hiyo ni Italia. Kwetu tunapenda kusema "sisi tunauguza watu wetu wenyewe", na ukiingia ndani unakuta hiyo "sisi" ni mwanamke mmoja: mke, binti, au mkamwana aliyefunga genge lake, anayemgeuza mtu mzima kila baada ya saa chache usiku, kwa miaka. Anayeitetea nyumba, nami nikiwemo, lazima aseme mwanamke huyu atapumzika lini.

Uganda imeonyesha kwamba sehemu ya kazi hii inawezekana bila utajiri. Hospice Africa Uganda, hospisi, yaani taasisi ya tiba shufaa, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, ilijengwa juu ya kumfuata mgonjwa alipo, ikitumia mofini ya maji inayochanganywa hukohuko kwa gharama ndogo. Mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Muuguzi anayeweza kufika kwa bodaboda akiwa na ruhusa ya kuandika dawa hiyo anabadilisha kabisa maana ya kurudishwa nyumbani. Huduma nyingi za namna hii Afrika Mashariki zilikua kwa ajili ya saratani na UKIMWI, na mgonjwa wa niuroni mota huangukia kati ya idara. Daktari wa neva hana cha kumpa, na hospisi haikupelekewa jina lake. Jina hilo lipelekwe siku ugonjwa unapotambuliwa, wakati bado anaweza kusema kwa kinywa chake kama anataka mpira wa kulishia, kama anataka mashine, na angependa kufia wapi.

Na familia inayoambiwa leo imrudishe nyumbani ina haki ya kukataa kuondoka hadi iwe na mofini mkononi, namba ya mtu atakayepokea simu saa nane za usiku, na jina la atakayemshikia zamu yule binti angalau siku moja katika wiki.