Kompyuta inaonyesha mtaa, nyumba je?

Jenomu, yaani DNA yote, ya bakteria Escherichia coli (E. coli) ni duara la herufi milioni 4.6 hivi za aina nne, A, C, G na T, na kunakiliwa kwake huanzia mahali pamoja tu, oriC, penye herufi zipatazo 245. Mwaka 1977 Yasuda na Hirota walipata mahali hapo kwa kazi ya mikono: walikata DNA, wakaunga vipande na jeni ya kuhimili ampisilini, dawa ya kuua bakteria, wakatazama kipi kinajinakili ndani ya seli. Leo kompyuta inatoa jibu kwa dakika chache. Je, majibu hayo yana uzito sawa?

Hesabu yenyewe naiheshimu. Anza popote kwenye duara: ukikuta G ongeza moja, ukikuta C punguza moja, nyingine ziruke. Kwa E. coli jumla hufika chini kabisa karibu na herufi ya milioni 3.92, jirani na oriC. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba wakati wa kunakili, kati ya nyuzi mbili za DNA uzi mmoja hukaa wazi muda mrefu kuliko mwenzake, C zake zikaharibika zaidi, na baada ya vizazi vingi G zikazidi.

Ila huo ni mtaa tu. Ili kupata nyumba, watu hutafuta TTATCCACA, neno linaloshikwa na protini ya DnaA inapofungua nyuzi. Neno la herufi 9 katika jenomu kubwa hivyo, ukisoma nyuzi zote mbili, lingejitokeza kama mara 35 kwa bahati tu! Kulikuta mara moja si ushahidi. Yakibanana kadhaa, na pembeni pakawa na A na T nyingi zinazoachana kwa urahisi, hapo naanza kusadiki.

Kinachonifanya nisite ni bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae. Ana kromosomu mbili, yaani DNA yake imegawanyika katika duara mbili, na ya pili huanzishwa na protini nyingine kabisa, RctB. Anayefuata nyayo za DnaA peke yake atapotea.

Maabara nayo ina mipaka. E. coli anayekua haraka hugawanyika kila dakika 20, ilhali kunakili duara zima huchukua kama dakika 40. Duru mpya huanza kabla ya ile ya kwanza kwisha, kwa hiyo sehemu zilizo karibu na mwanzo huwa na nakala nyingi zaidi, na nakala zinahesabika: penye nyingi zaidi ndipo mwanzo. Lakini kwanza bakteria akubali kuoteshwa, na wengi hawakubali.

Kwa hiyo hesabu ibaki. Ninachodai ni kila oriC inayoingizwa kwenye hifadhidata iandikwe wazi kama imekadiriwa au imejaribiwa, ili mwanafunzi anayetaka kutumia kipande hicho kuunda plazimidi, duara dogo la DNA linalojinakili ndani ya seli, ajue anashika nini kabla hajawasha mashine.