Moto wa nyasi haungoji zamu ya usiku

Vyama vingi vya wakazi pembezoni mwa Dar es Salaam, iwe Kigamboni, Chanika au Madale, hutumia sehemu kubwa ya michango kulipa walinzi wa usiku. Wezi wapo, sibishi. Lakini moto wa nyasi hushika zaidi kati ya saa tano asubuhi na saa kumi jioni, umande umekauka, upepo umepanda, na nyumbani kabaki dada wa kazi na watoto. Saa hizo mlinzi amelala.

Masika yakiisha, zamu moja ihamie mchana, saa nne hadi saa kumi na mbili jioni, mpaka vuli ishike. Januari na Februari irudi tena. Mtu huyo asipewe geti. Kazi yake ni kuzunguka mapagale na viwanja vitupu, kuzuia uchomaji wa taka, na akiona moshi apige filimbi, kisha simu 114.

Nyasi zifyekwe Juni zingali mbichi, zirudiwe Agosti. Acheni kimo cha sentimita 10. Kukwangua hadi udongo kuishie kwenye ukanda wa mita moja kando ya uzio. Ukikwangua kiwanja kizima kwenye miinuko ya Goba, mvua itakuachia korongo. Kosa ninaloliona kila kiangazi ni kufyeka na kuacha nyasi zilale palepale. Baada ya siku chache zimekuwa kuni. Wafugaji wa ng'ombe wa ndani wanazitaka, waitwe siku hiyohiyo. Na mwenye kiwanja asiyeishi hapo aandikiwe barua kupitia serikali ya mtaa, apewe siku 14, la sivyo chama kifyeke na kimdai. Hilo liandikwe kwenye katiba ya chama.

Kamati hupenda kununua mitungi ya kuzimia moto. Mtungi wa unga wa kilo 6 huisha kwa takriban sekunde 20; unafaa jikoni, lakini kwenye nyasi moto hurudi kwa sababu chini hakujapoa. Bora mabomba ya mgongoni ya lita 16, reki, makoleo na mafyekeo. Bomba lijaribiwe kila wiki, maana mpira wa pampu ukikauka presha haipandi.

Kikosi ni watu wanne: wawili wanapiga kwa matawi mabichi, mmoja ana bomba, wa nne anatazama upepo na kushika simu. Waingilie nyuma, palipokwisha kuungua, wafuate ubavu. Asisimame mtu mbele ya moto, kamwe. Miali ikizidi kimo cha mtu, waache, wawatoe watu majumbani. Vizibao vinavyong'aa vya walinzi ni vya polista na huyeyukia ngozini. Vaeni pamba na viatu vya ngozi.

Visiki vya minazi hufuka kwa saa nyingi baada ya moto kuzimwa. Mimineni maji, chimbueni, mimineni tena. Gizani makaa huonekana vizuri, kwa hiyo zamu ya mchana iiandikie zamu ya usiku kwenye daftari kila kisiki cha kukagua.

Maelekezo ya kufika mtaani kutoka barabara kuu yabandikwe getini, yasomwe kwenye simu bila kubabaika. Mchanga na kokoto za wajenzi zisizibe njia. Gari la zimamoto linahitaji karibu mita 4. Ufunguo wa geti la nyuma akae nao mtu wa zamu, si mwenyekiti ambaye mchana yuko kazini Posta.