Dereva wa lori aliyekutwa na pombe: arudi kwenye usukani au asirudi?

Saruji ya Pongwe na Maweni na makontena yanayoshuka bandarini Tanga kwenda bara hutoka mjini kwa barabara ileile: Muheza, Hale, Segera, kisha Korogwe kwa wanaokwenda Moshi na Arusha, au Mkata kwa wanaokwenda Chalinze. Bandari ilipochimbwa kina, meli kubwa zikaanza kufunga gatini badala ya kutia nanga mbali na kushushia mizigo kwenye matishari. Pembeni mwa barabara hiyo watu hawajahama. Wauza machungwa wa Muheza wako palepale, wanafunzi wanavuka palepale, bodaboda wanapakia palepale.

Ndiyo maana suala la dereva wa lori aliyepuliza kipima ulevi na kikaonyesha pombe haliwezi kuwa la kwake na tajiri wake peke yao. Ukikaa na watu wa Tanga ukalizungumza, utasikia kauli mbili. Wa kwanza watakuambia: akikamatwa mara moja basi, akalime. Wa pili watakuambia: mtu ana watoto, amekosea siku moja, na pengine hata hajakosea, mbona mnamzika mzima? Nimezisikiliza kauli zote mbili kwa moyo mmoja, kwa sababu wote wanaosema hivyo wana wanachokitetea. Msimamo wangu ni kwamba adhabu ya leseni iwe kali, itoke mahakamani, na iwe na mwisho unaojulikana pamoja na njia ya kurudi iliyoandikwa. Tusipoiweka njia hiyo, dereva haachi usukani. Anahamia kwenye gari bovu zaidi.

Nianze na wenye msimamo mkali, maana hoja yao ni nzito na mara nyingi hupuuzwa kwa huruma. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu lori na tela lake, vikiwa na mzigo, kufika tani 56. Gari la namna hiyo likihama upande wake wa barabara hata kwa sekunde mbili, aliye mbele yake katika basi dogo la Coaster hana la kufanya. Watu wa Korogwe hawahitaji kuelezwa. Februari 2023, pale Magira Gereza, Fuso na Coaster iliyobeba msiba kwenda Kilimanjaro ziligongana usiku na watu zaidi ya 15 wakafa. Sisemi kwamba pombe ndiyo iliyowaua, kwani kilichotajwa ni kupita gari jingine bila uangalifu. Ninaitaja ajali hiyo kwa sababu inaonyesha uamuzi wa sekunde chache unagharimu nini katika barabara yetu, na pombe huvuruga uamuzi huo kabla haijamfanya mtu apepesuke. Dereva mlevi mara nyingi hajioni mlevi. Anajiona amechangamka.

Ndiyo maana Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, haikumweka dereva wa gari la biashara sawa na mtu anayeendesha gari lake la nyumbani. Kwa dereva wa kawaida kiwango kinachotajwa ni miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu, kiwango ambacho wanaharakati wa usalama barabarani wameomba kishushwe hadi 50, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Anayeendesha kwa biashara hatakiwi kuwa na pombe kabisa. Ni kanuni kali, na naiunga mkono bila kusitasita. Anayelipwa kuendesha tani 56 amekubali masharti ambayo wengine hawakuyakubali.

Lakini kanuni ya kutokuwa na pombe kabisa ina jambo ambalo madereva wengi hawakufundishwa, na hapo kauli ya pili inaanza kupata nguvu. Mwili huondoa pombe polepole, kwa wastani wa kama miligramu 15 kwa saa katika kila mililita 100 za damu. Kahawa haiharakishi, maji ya baridi hayaharakishi, supu ya asubuhi haiharakishi. Mtu aliyefikisha miligramu 150 saa sita usiku, akalala, akaamka saa kumi na mbili asubuhi akiwa ameoga na kichwa chepesi, bado ana kama miligramu 60 mwilini. Mpaka zimalizike ni kama saa nne asubuhi. Kwa dereva aliyelala Tanga mjini akisubiri zamu ya kupakia, akanywa mnazi jioni ya jana na kulala vizuri, hilo ni kosa kamili. Na mnazi ni mgumu kuuhesabu, maana unaendelea kuchacha: uliogemwa asubuhi haufanani na wa jioni. Bia imeandikwa kiwango kwenye chupa. Mnazi haukuandikwa kitu.

Je, huyo ni sawa na yule anayekunywa huku anaendesha? Zamani walikuwa wengi waliosafiri na viroba, vile vipakiti vya pombe kali, kwenye dashibodi, mpaka serikali ilipovipiga marufuku Machi 2017. Kwa mtu aliyesimama pembeni mwa barabara pale Hale, tofauti yao ni ndogo. Kwa hakimu anayepima adhabu, tofauti ni kubwa, na inastahili kuwa kubwa.

Sasa tuje kwenye ajira, maana huko ndiko tuhuma moja inakommaliza mtu hata kabla hakimu hajafungua faili. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike. Watu hudhani maneno hayo ni ya mahakamani tu. Yamo pia katika sheria ya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 37(5), inamzuia mwajiri kumpa mfanyakazi adhabu, ikiwemo kumfukuza, kwa kosa ambalo kimsingi ndilo analoshtakiwa nalo mahakamani, mpaka shauri liishe pamoja na rufaa. Kanuni za mwaka 2007 zinamruhusu mwajiri amsimamishe kazi kwa malipo kamili wakati huo. Na aliyefukuzwa isivyo halali ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA.

Hayo ni maandishi. Barabarani mambo ni mengine. Madereva wengi wa malori hawana mkataba wa maandishi mkononi. Wanalipwa kwa safari na posho ya njiani. Mwaka 2015 madereva nchini waligoma, na miongoni mwa madai yao ulikuwa mkataba wa ajira. Dereva asiye na mkataba akikamatwa leo, kesho funguo anapewa mwingine. Hakuna barua, hakuna kusimamishwa kwa malipo. Anaambiwa tu kwamba gari lina mtu. Na siku 30 za CMA zinapita akihangaikia dhamana na nauli ya kuhudhuria kesi, pengine katika wilaya asiyo na ndugu.

Nimesikia watu wakiwalaani matajiri kwa hili, na sipendi laana iende upande mmoja. Mwenye lori naye ana hofu ya kweli. Lori mara nyingi ni la mkopo. Hata bima kubwa kwa kawaida ina sharti kwamba dereva akiwa amelewa, kampuni ya bima haitalipa uharibifu wa gari. Ajali moja ya namna hiyo inaacha deni benki, mzigo wa mtu barabarani na familia ya marehemu inayodai haki yake. Zaidi ya hapo, wateja wakubwa, hasa wa mafuta na migodi, huwapima madereva getini na kumkataa hapohapo aliyekutwa na pombe. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Uganda, lenye urefu wa kilometa 1,443, linaishia Chongoleani, hapa hapa Tanga, na kazi za aina hiyo huja na masharti ya aina hiyo. Ukimwambia mwenye malori mawili amlipe mshahara kamili mtu asiyeendesha mpaka kesi iishe, na wakati huohuo amlipe anayeshika nafasi yake, unamwambia jambo la haki ambalo mfuko wake hauliwezi. Anachoweza ni kumshusha kwenye usukani mara moja, ampe kazi ya yadi au ya karakana, na amuandikie barua. Kumshusha kwenye usukani si kumhukumu. Ni kuwalinda wengine wakati ukweli unatafutwa, na hapo nakubaliana na wenye msimamo mkali kwa asilimia mia.

Kuna jambo jingine ambalo wanaotaka adhabu isiyo na mwisho hawalipi uzito. Kadiri kesi inavyokuwa na uwezo wa kummaliza mtu, ndivyo kunyamaziwa kunavyopanda bei. Dereva anayejua kwamba karatasi moja itamfunga maisha atakuwa tayari kutoa chochote usiku ule, pembeni mwa barabara, ili isiandikwe. Akikutana na askari mwadilifu, ataandikiwa. Akikutana na asiye mwadilifu, ataachwa aendelee na safari akiwa bado amelewa, na tumepoteza kila kitu: pombe iko kwenye usukani, kumbukumbu haipo. Adhabu yenye mwisho hupunguza bei hiyo. Tena upimaji wenyewe uwe na utaratibu unaoaminika: dawa ya kikohozi au ya kusukutulia yenye pombe inaweza kubaki mdomoni na kudanganya kipimo, kwa hiyo asubirishwe dakika 15, apimwe tena, na anayebisha apelekwe kupimwa damu. Dereva msafi anaukimbilia utaratibu wa namna hiyo.

Na baada ya kufukuzwa, anakwenda wapi? Hapa ndipo huruma na ukali vyote viwili hushindwa. Anaonekana kijiweni, anafanya deiwaka, kibarua cha siku moja moja. Anapata Fuso la mtu asiyeuliza maswali, breki za kubahatisha, malipo nusu, na safari za usiku tu kwa sababu usiku ukaguzi ni mwepesi. Tajiri wa kwanza amejisafisha na wa pili hajui kitu, au hataki kujua. Aliyetakiwa kuwa mbali na barabara yuko barabarani, hapimwi na mtu yeyote, na sasa ana sababu nyingi zaidi za kunywa.

Marekani walipambana na tatizo hilihili. Kule dereva wa gari kubwa la biashara haruhusiwi kufikia miligramu 40 kwa kila mililita 100. Akitiwa hatiani kwa ulevi, leseni yake ya biashara inasimama mwaka mmoja, au miaka mitatu kama alibeba mzigo wa hatari, na kosa la pili humfungia maisha, hata kama alikuwa kwenye gari lake binafsi siku ya mapumziko. Tangu Januari 2020 wana daftari la taifa la kielektroniki ambalo kila mwajiri lazima alitazame kabla ya kumkabidhi mtu funguo. Kwa hiyo hakuna kukimbilia kwa tajiri wa pili. Lakini daftari hilo lina mlango. Aliyeingizwa kwa sababu ya kipimo anaonana na mtaalamu wa ulevi, anamaliza matibabu au mafunzo aliyopangiwa, anapimwa kabla ya kurudi kazini, na akirudi anapimwa bila taarifa si chini ya mara sita katika miezi 12 ya kwanza.

Sitaki tuinakili Marekani nzima. Wataalamu wa ulevi hatunao wa kutosha, na mwenye lori moja Muheza hawezi kugharamia yote hayo. Ila mambo mawili tunayaweza. La kwanza ni daftari. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, tayari ina jukumu la kuthibitisha madereva wa vyombo vya kibiashara. Hukumu ya ulevi, naam hukumu na si tuhuma, iingie kwenye kumbukumbu hizo ikiwa na tarehe ya kuanza na ya kuisha, na mwenye gari awajibike asipoitazama. La pili ni mafunzo. Vyuo vya ufundi vya VETA na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji wanafundisha madereva wa magari makubwa. Aliyemaliza muda wake wa kufungiwa leseni arudi darasani, apimwe upya, na kwa mwaka wa kwanza apimwe pombe kila anapotoka yadi. Kipima ulevi kimoja cha yadi ni nafuu kuliko ajali moja.

Pia tuangalie kinachomfikisha dereva kwenye chupa. Anakaa siku kadhaa kwenye foleni ya kupakia bila pa kulala zaidi ya kabini, halafu mzigo ukitoka anaambiwa awe Arusha kabla ya kesho. Wengine hutafuna mirungi ili wasisinzie, kisha hunywa pombe ili waweze kulala. Kipima ulevi hakioni mirungi wala uchovu. Mwenye gari anayepanga safari ya namna hiyo ameshiriki kosa, na ningependa hakimu apewe nafasi ya kumuuliza aliipangaje ratiba.

Imebaki hali moja ambayo njia ya kurudi niliyoitetea haiifikii. Dereva wa lori aliyeua mtu akiwa amelewa, na mahakama ikathibitisha, mimi simrudishii lori. Namtakia amalize kifungo chake, apate kazi karakana, afundishe vijana kukaza nati za tela na kusoma matairi, alishe watoto wake. Leseni ya kuendesha gari la biashara asipewe tena, wala kwa darasa, wala kwa miaka kupita.