Kifungu cha 14 hakifiki langoni

Usalama kazini umegeuzwa kuwa mavazi. Mwenye mjengo akishanunua helmeti chache na reflekta za manjano, akatundika bango la "Usalama Kwanza", anajiona amemaliza. Vifaa hivyo sivipuuzi, kichwa ni kichwa. Ila katika Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, hapa Kenya, kuna jambo zito kuliko helmeti, nalo halitundikwi ukutani: Kifungu cha 14.

Kwa lugha ya kawaida kinasema hivi. Mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu kutokea, amjulishe msimamizi wake. Mpaka hatari hiyo iondolewe, mwajiri haruhusiwi kumrudisha pale. Na aliyeondoka akiwa na sababu ya msingi ya kuhofia maisha yake hafutwi wala haadhibiwi. Yaani mtu wa chini kabisa amepewa ruhusa ya kusema "siingii".

Thamani ya ruhusa hiyo ilionekana Bangladesh. Tarehe 23 Aprili 2013, nyufa zilitokea kwenye jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka. Benki iliyokuwa mle ndani ikawaondoa wafanyakazi wake. Washonaji wa nguo wa ghorofa za juu wakaamriwa warudi kesho yake, wengine wakitishiwa kunyimwa mshahara. Asubuhi hiyo jengo likaporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100. Nyufa walikuwa wameziona wote, wa benki na wa cherehani.

Sasa turudi Nairobi. Sheria yetu inasema wazi kwamba inahusu kila mahali penye mtu anayefanya kazi, awe wa kudumu au wa muda. Kibarua yumo, basi. Lakini tazama anavyopata kazi. Kabla ya saa moja asubuhi wanaume wamejaa langoni, kila mmoja na mfuko wa nguo za kubadilisha. Foremani anatoka, ananyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe wa kofia. Hakuna barua, na mara nyingi hata jina haliulizwi.

Aliyebahatika anateremshwa kwenye mtaro unaompita kimo. Ni udongo mweusi, umenyeshewa usiku kucha, na kingo hazikuegemezwa hata ubao mmoja. Donge linameguka karibu na bega lake. Akisema, foremani wala hagombi. Anaelekeza kidevu langoni, waliko wenzake wanaongoja nafasi. Jioni atalipwa vizuri tu. Kesho kile kidole kitampita. Nani amemfuta kazi? Hakuna. Kifungu cha 14 kimebaki kizima kwenye karatasi, na mtu amekosa unga.

Mambo yakiharibika, shida ni ile ile. Sheria ya fidia ya wanaoumia kazini, nayo ya 2007, inampa aliyelemaa kabisa maisha yake yote malipo ya miezi 96. Miezi 96 ya mapato yapi, ikiwa hakuna mahali palipoandikwa kwamba alikuwa akifanya kazi hapo? Ndipo familia inapoishia kupewa bahasha ya pole na nauli ya kurudi nyumbani, na watu wanashukuru.

Najua wenye kandarasi watasema masharti yakizidi kazi zitapungua. Mbao za kuegemeza mtaro zimo tayari kwenye mjengo, ndizo zile zile za kumwagia zege. Hoja ya gharama haina miguu hapo.

Sheria inataka kamati ya usalama mahali palipo na watu 20 au zaidi. Vibarua wahesabiwe humo na wawe na mwakilishi wao, maana anayelalamika peke yake ni rahisi kupitwa, lakini kamati haichaguliwi langoni kila asubuhi. Pili, liwepo daftari: jina, namba ya kitambulisho, tarehe, malipo. Mkaguzi wa Idara ya Usalama na Afya Kazini akifika, aanze nalo, alisome na rekodi ya malalamiko ikiwa kando. Jina lililoandikwa siku kumi mfululizo, likatoweka siku moja baada ya mwenyewe kulalamika, ni jambo la kumwekea mwajiri mezani ajibu.