Mzinga wa Jules Verne na hesabu zake

Wapo wanaomsifu Jules Verne, mwandishi wa riwaya wa Ufaransa, kama mtabiri wa sayansi, na ushahidi wao wa kwanza huwa ni Nautilus, nyambizi ya umeme katika riwaya aliyoanza kuichapisha mwaka 1869. Husahau kwamba jeshi la majini la Ufaransa lilikwishashusha majini nyambizi yake, Plongeur, mwaka 1863, ikiendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Verne alikichukua kilichokuwapo, akakisukuma mbele hatua chache.

Wanaombeza nao wana hoja. Katika riwaya yake ya mwaka 1863, puto linaloondoka Zanzibar kukivuka bara la Afrika limejazwa haidrojeni, na abiria hulipandisha kwa kuipasha joto gesi hiyo hiyo kwa mwali unaowaka chini yake. Moto huo hulishwa na betri inayotenganisha maji, ilhali betri ya kubebeka angani isingetoa hata sehemu ndogo ya joto lililohitajika. Mhandisi angecheka, kisha angeteremka upesi.

Hata hivyo, mimi naona kosa lake kubwa zaidi ndilo lililoinufaisha sayansi. Mwaka 1865 aliwatuma watu watatu mwezini ndani ya kombora la alumini, kwa mzinga wa futi 900 uliochimbiwa ardhini Florida. Kasi aliyoitaja, takriban kilomita 11 kwa sekunde, inakaribia sana ile inayohitajika kweli. Lakini kuifikia ndani ya mita 270 tu kungewaponda abiria kabla hawajatoka mdomoni mwa mzinga. Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule nchini Urusi aliyekiri kuathiriwa na Verne, alitafuta njia nyingine, na mwaka 1903 akachapisha hesabu za safari ya roketi. Hadithi isiyotaja namba isingemwachia cha kukagua.

Maurice Renard, mwandishi mwingine wa Ufaransa, hakuridhika na njia hiyo ya Verne. Mwaka 1909 alidai kwamba riwaya ya kisayansi isirudie yanayojulikana, bali iingie kwenye yasiyojulikana na kuyafuata kwa mantiki. Dai hilo lina uzito, ingawa aliyeingia gizani bila kipimo hawezi kusahihishwa.

Ama shutuma kwamba Verne alikuwa mpiga ngoma wa maendeleo, sehemu yake imwendee mchapishaji wake, Hetzel. Ndiye aliyeukataa mswada kuhusu Paris ya karne ya 20, ambamo kijana mshairi anatangatanga kwenye theluji kwa njaa katikati ya jiji la mashine, nao haukuchapishwa hadi 1994.