Kiroba cha Samadi Hakina Lebo

Nimekasirika, na sioni sababu ya kuficha. Wiki iliyopita muuzaji wa samadi alisimamisha kirikuu yake mtaani kwetu huku Goba, Dar es Salaam. Jirani yangu akamfuata kumweleza kwamba matuta yake ya nyanya na maharage yameharibika yote tangu aweke samadi aliyonunua kwake. Ni mama mtu mzima, amelima mboga tangu enzi Goba ikiwa bado mashamba ya mikorosho. Akajibiwa: "Mama yangu, samadi si sumu. Hizo mbegu feki, au kisima chako kina chumvi. Mwagilia vizuri tu." Gari likaondoka. Hakuna aliyeshuka hata kutazama.

Mimi nilitazama. Majani ya chini ya ile miche yalikuwa mapana na ya kijani, hayana tatizo. Kuanzia katikati kwenda juu ndipo mambo yalipogeuka: majani mapya yamekuwa membamba, mishipa yake imekazana pamoja, kingo zimejikunja kwa ndani, shina limejisokota, na ncha ya mche imefumbika kama ngumi ya mtoto mchanga. Maharage nayo yalikuwa na hali hiyohiyo. Lakini pembezoni mwa tuta lilelile, kwenye samadi ileile, mahindi yalikuwa yamesimama wima, yananawiri. Mpaka leo hayo mahindi ndiyo yananisumbua akili kuliko nyanya zilizokufa, kwa sababu ndiyo yanayoeleza kilichotokea.

Kwenye kundi la mtaa kila mtu akatoa lake. Kuna aliyesema kantangaze, yule mdudu wa nyanya, lakini kantangaze hutoboa majani na matunda, haisokoti shina. Mwingine akasema virusi. Virusi vinavyoletwa na inzi weupe huanza na mche huu na ule, majani hugeuka njano, havishiki tuta zima kwa mpigo kisha vikahamia na kwenye maharage kwa sura ileile. Samadi mbichi huunguza, kingo za majani zikawa kahawia na mche ukanyauka; hapa haikuwa hivyo. Chumvi ya kisima ingeharibu na yale matuta mawili ya nyuma ambayo hayakuwekwa samadi, na hayo yanamwagiliwa kwa ndoo ileile na yako salama.

Kinachobaki ni dawa ya kuua magugu iliyokuja ndani ya samadi. Zipo dawa za jamii moja ambazo kila anayelima mboga kwa samadi ya kununua anapaswa kuzijua tabia: pikloramu, iliyoanza kutumika miaka ya 1960, klopiralidi iliyoifuata, na aminopiralidi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005. Zinaua mimea ya majani mapana na kuziacha nyasi, na mahindi ni jamii ya nyasi. Mwenye malisho hawezi kuziona ni mbaya: anapulizia, vichaka na magugu vinakufa, nyasi zinabaki, ng'ombe wanaendelea kula na hawadhuriki. Lakini dawa hiyo haimeng'enywi tumboni mwa ng'ombe. Inaingia na majani, inatoka na mkojo na kinyesi ikiwa karibu vilevile ilivyoingia. Ukikusanya kinyesi hicho ukakirundika, joto la lundo litaua mbegu za magugu na vijidudu vingi vya magonjwa, ila dawa hii haliimalizi. Inamalizwa na vijidudu vya udongoni, polepole, kwa miezi mingi na mara nyingine zaidi ya mwaka. Ikikaa kwenye lundo kavu, hata hao vijidudu hawaifanyii kazi ya maana.

Na kinachotosha kuharibu ni kidogo kiasi cha kutisha. Gramu chache zilizotawanyika ndani ya tani elfu moja za samadi zinaweza kukunja nyanya. Nyanya, maharage, kunde, njegere, bilinganya, pilipili, viazi mviringo, alizeti, hizi zote zinaumia. Mahindi, mtama, mpunga, muwa na nyasi hazitikisiki.

Sasa fuata safari ya kiroba kimoja cha samadi mpaka kifike kwenye bustani yako Kinyerezi au Madale. Mtu mwenye eneo la malisho, au mwenye kiwanja kikubwa kilichoota msitu, ananunua dawa ya majani. Pengine amepimiwa dukani kwenye chupa ya soda, maana chupa nzima ni ghali, kwa hiyo lebo hakuiona kabisa. Anamwita kijana mwenye solo, lile bomba la kupulizia la mgongoni, kijana anapulizia, analipwa, anaondoka. Baadaye anakuja kijana mwingine, wa kukata majani, ambaye hajui kama hapo palipulizwa. Anafunga mzigo kwenye baiskeli, anamuuzia mfugaji mwenye ng'ombe watatu wa kufungiwa nyuma ya nyumba. Mfugaji anajaza kinyesi kwenye viroba na kumuuzia mwenye kirikuu. Mwenye kirikuu anachanganya viroba vya mfugaji huyu na vya mabanda mengine anakopita. Kisha mama anamwaga kwenye tuta lake, anapanda nyanya.

Hesabu mikono mwenyewe. Onyo la dawa limemfikia nani kati ya hao? Nchi za wenzetu, chupa za aminopiralidi zina maneno yanayosema wazi kwamba samadi ya mnyama aliyekula majani yaliyopuliziwa isiwekwe kwenye mboga za aina hii. Onyo hilo ni la kweli na la lazima, lakini linabaki kwa mtu wa kwanza kabisa, yule ambaye halimi nyanya. Anayelima nyanya ni wa mwisho, naye amepewa kiroba cha plastiki kilichoandikwa jina la kiwanda cha sukari au cha unga. Hilo ndilo linaloniuma. Tumeweka sheria, vibali, usajili na leseni za maduka kwa ajili ya chupa, halafu dawa ikishatoka kwenye chupa ikaingia kwenye majani, ng'ombe na samadi, hakuna anayeijua tena. Mtu pekee anayelipa ni yule ambaye hakuinunua, hakuipulizia na hakuambiwa. Kisha anapouliza anaambiwa hajui kumwagilia! Mwanamke aliyesomesha watoto kwa mchicha na nyanya anaambiwa na mtu aliye juu ya gari kwamba hajui kumwagilia.

Tusidanganyane kwamba hili ni jambo la kubahatisha au la porini kwetu tu. Uingereza mwaka 2008 watu wengi waliokuwa wakilima viwanja vidogo vya mboga waliona nyanya, viazi na maharage yao yakijikunja baada ya kuweka samadi, na mauzo ya dawa zenye aminopiralidi yakasimamishwa mwezi Julai mwaka huohuo. Ziliporudi, zilirudi na masharti ya jinsi ya kushughulikia samadi. Marekani, jimbo la Washington, mwanzoni mwa miaka ya 2000 klopiralidi iliyopuliziwa kwenye nyasi za majumbani iliingia kwenye mboji iliyotengenezwa kwa nyasi hizo na kuharibu bustani za watu, na mwaka 2002 jimbo likapiga marufuku kuitumia kwenye nyasi za aina hiyo. Mwaka 2012 yaleyale yakatokea Vermont. Nchi zenye maabara kila kona na wakaguzi wa kutosha zimekwama kwenye jambo hili mara kadhaa. Sisi tunaonunua samadi barabarani tunajilinda kwa kitu gani?

Tunajilinda kwa maharage. Nasema kwa dhati kabisa, na hii ndiyo sehemu ningependa uisome taratibu. Kabla hujamwaga samadi yoyote ya kununua, chota kidogo kutoka pande mbalimbali za lundo au kutoka viroba tofauti, kwa sababu dawa haisambai sawasawa. Changanya sehemu moja ya samadi na sehemu moja ya udongo unaoujua kwamba haujawekewa kitu. Jaza makopo matatu au manne. Makopo mengine kama hayo jaza udongo mtupu. Panda maharage matatu kila kopo, mwagilia sawa, na weka makopo ya samadi mbali na yale mengine ili maji yasitiririke kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Subiri wiki tatu hivi, mpaka yatoke yale majani yanayokaa matatumatatu. Usihukumu kwa majani mawili ya kwanza, hayo yanaweza kutoka salama kabisa.

Kwa jirani yangu tulifanya hivyo na samadi iliyobaki kwenye kiroba. Majani mawili ya kwanza yalifunguka vizuri kote, mpaka mama akaanza kusema labda kweli ilikuwa mbegu. Yalipokuja yale ya matatumatatu, upande wa samadi hayakufunguka. Yalitoka madogo, yamekunjika katikati, shina limepinda. Upande wa udongo mtupu maharage yalikuwa yanatafuta mti wa kupanda. Mbegu ni zile zile, maji ni yale yale ya kisima.

Jaribio hili halikutajii jina la dawa. Linakwambia kwamba samadi hii usiiweke kwenye nyanya, na mkulima wa matuta sita anahitaji kujua hilo kwanza kabla ya kumwaga. Maabara inaweza kukutajia jina, lakini mashine za kupima kiasi kidogo namna hiyo ni za gharama, na kipimo kimoja kinaweza kuzidi bei ya samadi yote uliyonunua.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba dawa za magugu zimewapunguzia wakulima wengi mateso ya jembe, na siwezi kukaa hapa Dar nikamwambia mtu wa shamba arudi kuinama kutwa. Nakubali pia kwamba si kila dawa ina tabia hii. Glaifoseti hushikana na udongo, na 2,4-D huvunjika haraka zaidi, kwa hiyo usikimbie kila mfugaji aliyewahi kuonekana na solo. Hata muuza samadi wetu sidhani kama alijua. Lakini kutojua hakumpi ruhusa ya kumdharau mteja wake.

Na samadi siiachi. Udongo wetu wa kichanga usipowekwa samadi au mboji, maji yanapita tu na rutuba inakwenda nayo. Ndiyo maana hasira yangu ni kubwa: kitu hiki ndicho tunachowaambia watu watumie badala ya mbolea za dukani, tunawaambia ni salama.

Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliundwa chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, na kazi ya kusajili viuatilifu ni yake. Naomba isisajili dawa yoyote ya jamii hii kwa malisho bila sharti kwamba samadi ya eneo hilo haitoki kwenda kuuzwa, na onyo liwe kwa Kiswahili, lenye mchoro wa ng'ombe na mche wa nyanya, ili hata aliyepimiwa kwenye chupa ya soda aweze kuonyeshwa. Maafisa ugani wa kata waonyeshwe picha za madhara haya. Wengi ni vijana wasikivu, ila wakiona jani limejikunja wanaandika dawa ya inzi weupe, na mama anaongeza sumu juu ya sumu kwa pesa yake mwenyewe.

Wafugaji wa mjini, nanyi mna sehemu yenu. Muulizeni kijana wa majani amekata wapi, na kama pale pamepulizwa. Kama marobota ya nyasi yametoka mbali na muuzaji hawezi kusema lolote kuhusu shamba, mwambieni mnunuzi wa samadi hivyohivyo, aamue mwenyewe. Na wewe unayefyeka kiwanja kilichopuliziwa, usitandaze majani yale makavu kwenye bustani yako.

Ambaye tayari ameshamwaga, kama jirani yangu, asirundike upya akitegemea joto. Achanganye vizuri na udongo, aweke unyevu, ageuze mara kwa mara, apande mahindi hapo kwa sasa. Mabua na majani ya mahindi hayo asiyarudishe kwenye mboji ya mboga. Kabla ya kurudisha nyanya kwenye tuta, achote udongo wake apime tena kwa maharage. Viroba vilivyobaki tumevipeleka kwenye mahindi. Safari hii kwenye tuta la nyanya mama ameweka samadi ya mbuzi wa binti yake, baada ya kuipima.